Frank Aiken: Aliyeamuru Bunduki Zifichwe

Jioni moja barazani kwetu, Mji wa Kale, kijana mmoja aliyekuwa akisikiliza redio pamoja nasi alituuliza swali ambalo hata mmoja wetu hakuweza kulijibu. Tulikuwa watu saba, wote tumekwisha kuota mvi, na kila mmoja hujiona ni msemaji. Redio ilikuwa imeutaja ule mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, kama unavyotajwa kila fitina inapozuka baina ya mataifa. Kijana akataka kujua ni nani aliyeanza. Kwa hesabu yake, kila mnazi una mtu aliyeupanda. Basi mnazi huu aliupanda nani?

Mmoja akamtaja Mmarekani, wa pili akamtaja Mrusi. Mimi nilifikiri nitawashinda wote, nikasema bila shaka ni Wajapani, maana wao ndio walioungua. Sote tulikosea.

Nilirudi nyumbani na haya usoni. Mtu ambaye riziki yake inatoka katika kalamu hapaswi kufungwa mdomo na kijana wa darasa la kumi na mbili. Basi nikaanza kutafuta, na nilichokikuta, wasomaji wangu, ni maisha ya mtu aliyeanza ujana wake bunduki mkononi, akaua na akaamuru watu wauawe, kisha akazeeka akizunguka katika ukumbi wa Umoja wa Mataifa, mwaka hadi mwaka, akiwasihi wakubwa wasigawane bomu. Jina lake ni Frank Aiken, mtu wa Ayalandi. Alifariki mwaka 1983. Nina na sababu yangu mwenyewe ya kumwandika, nayo nitaitaja mbele, ijapokuwa hainipi sifa.

Alizaliwa tarehe 13 Februari 1898, katika kijiji cha Camlough, wilaya ya Armagh, kaskazini ya Ayalandi. Wakati huo kisiwa kizima kilikuwa chini ya Mwingereza. Babake alikuwa mjenzi mwenye jina, na makanisa kadhaa ya Kikatoliki ya sehemu zile aliyajenga yeye. Walizaliwa ndugu saba, na Frank ndiye kitinda mimba. Baba alikufa mwaka 1900, mtoto hajajua hata kumwita vizuri. Mama naye akafuata mwaka 1912. Kwa hiyo kijana wa miaka kumi na minne akabaki na shamba, ng'ombe na ndugu zake. Mtoto aliyekulia katika uyatima huwahi kuwa mtu mzima, na wote waliomjua huyu walimwona ni mrefu wa kimo, mzito wa maneno, na mkaidi kama nguzo ya mwangati.

Mwaka 1914 alijiunga na kundi la Wajitoleaji wa Ayalandi, waliokuwa wakifanya mazoezi ya kijeshi ili siku moja waikomboe nchi yao. Vita vya kumwondoa Mwingereza vilipopamba moto kuanzia mwaka 1919, Aiken alikuwa miongoni mwa makamanda wa kaskazini. Walivamia vituo vya polisi, wakakata njia, wakapindua magari ya moshi. Mwezi wa Juni 1921 Mfalme wa Uingereza alikwenda Belfast kufungua bunge jipya la kaskazini. Askari wapanda farasi waliomsindikiza, wakirudi kwao, gari lao lilipinduliwa na watu wa Aiken. Walikufa askari na mfanyakazi wa reli, na farasi wengi mno. Kabla ya hapo nyumba ya akina Aiken ilikuwa imekwisha kuchomwa moto na wenzao wa upande wa pili. Ndivyo vita vya namna hii vilivyo: nyumba kwa nyumba, jirani kwa jirani.

Hapa sina budi kulieleza jambo ambalo wengi wa wanaomsifu hulipita mbiombio. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 1922, watu wa kikosi chake waliingia katika mtaa wa mashamba uitwao Altnaveigh, karibu na mji wa Newry, wakawatoa Waprotestanti majumbani mwao na kuwaua. Walikufa watu sita, mmoja wao mwanamke. Hawakuwa askari, walikuwa wakulima. Kulikuwa na sababu iliyotolewa, kwani siku chache nyuma Wakatoliki walikuwa wameuawa na mwanamke mmoja akashambuliwa vibaya nyumbani mwake, na hayo yakawa kisasi. Lakini kisasi hakikuwapata waliotenda. Kiliwapata waliokuwa karibu. Aiken ndiye aliyekuwa mkuu wa jeshi lile, na dhima ya damu ile haikumwondoka mpaka leo katika vinywa vya watu wa Newry. Mimi nisiyekuwapo sina uwezo wa kuipima. Naitaja kwa sababu bila hiyo msomaji atadhani ninamweleza mtu wa Mungu, na simwelezi mtu wa namna hiyo.

Mwezi huohuo ulikuwa haujaisha, Waayalandi wenyewe wakaanza kupigana. Desemba 1921 viongozi wao walikuwa wametia sahihi mapatano na Mwingereza, yaliyowapa uhuru wa nusu na kuikata nchi pande mbili. Wengine wakasema tukubali kilichopatikana, wengine wakasema ni usaliti. Marafiki waliolala handaki moja wakalengana bunduki. Aiken alijaribu kukaa kati. Alikwenda huku na huku akiwaomba wasianze. Mwezi wa Julai 1922 jeshi la serikali mpya likamkamata katika mji wa Dundalk na kumtia gerezani pamoja na watu wake. Hazikupita wiki mbili, ukuta wa gereza ukabomolewa kwa baruti akatoroka. Agosti 14 akarudi na mamia ya wapiganaji, akauteka mji mzima na kuwafungua wafungwa waliobaki.

Sasa tazama alichofanya. Mji umo mikononi mwake, silaha za adui zimemwangukia, vijana wake wana furaha ya ushindi. Alikwenda penye uwanja wa soko, akasimama mbele ya watu akataka vita visimame. Hakuna aliyemsikiliza, wa upande wake wala wa upande wa pili. Vita viliendelea kwa miezi tisa.

Tarehe 10 Aprili 1923, mkuu wa majeshi ya wapinzani, Liam Lynch, alipigwa risasi milimani kusini ya nchi. Aiken alikuwa katika kundi lilelile, wakikimbia pamoja. Siku kumi baadaye akachaguliwa yeye kushika nafasi ya Lynch. Mwisho wa mwezi akasimamisha mapigano, na tarehe 24 Mei 1923 akatoa amri iliyomaliza vita vile: kila mpiganaji aifiche silaha yake, arudi nyumbani.

Nakuomba msomaji uishike amri hiyo kichwani, kwa kuwa nitairudia. Hakuwaamuru wasalimu amri. Hakuwaambia wazivunje bunduki, wala wazipeleke serikalini. Aliwaambia wazifiche. Zikafungwa kwa magunia ya mafuta, zikazikwa mashambani, zikatiwa chini ya sakafu na ndani ya visima vikavu. Watu wakaacha kuuana, lakini chuma kikabaki chini ya udongo, kikingoja. Yawezekana hakukuwa na amri nyingine ambayo wale vijana wangeitii.

Siasa zake za baadaye nitazipitia upesi. Alichaguliwa mbunge wa Louth, wilaya inayopakana na kwao, mwaka huohuo wa 1923, na alibaki mbunge kwa muda wa miaka hamsini. Alikuwa mfuasi wa Eamon de Valera hata mwisho. Chama chao kilipotwaa serikali mwaka 1932, yeye akawa Waziri wa Ulinzi, na mara moja akaenda katika gereza la kijeshi kuwaona wapiganaji wenzake wa zamani na kuwafungulia. Alikuwa mkulima wa ng'ombe wa maziwa, tena mvumbuzi wa vitu vya ajabu: alibuni jiko la kuchomea udongo mkavu ambao kwao ndio kuni, akabuni mzinga wa nyuki, akabuni hata kisigino cha kiatu chenye springi. Sikupata habari ya aliyekivaa!

Vita Vikuu vya Pili vilipokuja, Ayalandi ilikataa kuingia upande wowote. Mwaka 1941 Aiken alitumwa Washington kuomba, nini? Silaha. Alitaka bunduki na meli za kuilinda nchi yake isivamiwe na Mjerumani wala na Mwingereza. Rais Roosevelt hakupendezwa naye hata kidogo, na husimuliwa kwamba mazungumzo yao yaliisha kwa Rais kukikumba kitambaa cha meza na vyombo vikaruka. Kwa vyovyote, bunduki alizoziomba hakupewa. Nalitaja hili ili mtu asidhani kwamba Aiken alikuwa sufii asiyetaka kuona upanga. Aliamini nchi ina haki ya kujilinda. Alichokuja kukiogopa ni kitu cha namna nyingine.

Kitu hicho kilionekana duniani mwaka 1945. Agosti 6 mji wa Hiroshima, Agosti 9 mji wa Nagasaki. Mrusi akalipua lake mwaka 1949, Mwingereza mwaka 1952. Ayalandi ilikubaliwa katika Umoja wa Mataifa Desemba 1955, na Aiken, aliyerudi kuwa Waziri wa Mambo ya Kigeni mwaka 1957, akaifanya kazi ya New York kuwa ndiyo kazi yake. Mawaziri wengi huja, husoma hotuba, hupigwa picha, huondoka. Yeye alikaa wiki nenda wiki rudi, akisikiliza hotuba za watu wa mbali ambao hakuna mwingine aliyewasikiliza. Mwaka huo wa kwanza alipiga kura kutaka suala la kiti cha Uchina lijadiliwe, na Wamarekani wakahamaki, hata Kadinali Spellman wa New York akamkasirikia, yeye Mkatoliki mwenziwe. Aiken hakubadili kura.

Tarehe 17 Oktoba 1958 alileta pendekezo lake. Wakati huo nchi zenye bomu zilikuwa tatu tu. Pendekezo halikuwataka wale watatu walitupe bomu siku hiyohiyo. Alijua wasingelitupa, kama alivyojua mwaka 1923 kwamba vijana wake wasingezitoa bunduki zao. Aliwataka wasimpe mwingine, na wale wasiokuwa nalo waahidi kutolitafuta. Basi.

Hoja yake ilitoka katika maisha yake mwenyewe. Aliwaeleza mabalozi kwamba historia ya kila silaha ni moja. Huanza kwa dola kubwa, hushuka kwa dola ndogo, na mwisho humfikia mtu wa msituni mwenye kundi lake na ghadhabu yake. Bomu nalo likiachwa litafuata njia hiyo. Na jinsi wenye kulishika watakavyozidi kuwa wengi, ndivyo itakavyokuwa vigumu zaidi kuwapatanisha. Nani katika ukumbi ule alikuwa na haki ya kuyasema hayo kuliko yeye? Mabalozi wengi pale walikuwa wanasheria na wana wa mabwana. Yeye alikuwa ndiye yule mtu wa msituni, aliyekwisha kubadilika. Alijua bunduki ya askari wa mfalme inavyofika katika mkono wa kijana wa kijijini, na alijua usiku wa Altnaveigh ni nini kilichofanywa na mkono huo.

Hapa ndipo nilipoahidi kuitaja sababu yangu.

Mwezi wa Mei 1998, tarehe 28, Pakistan ililipua mabomu yake chini ya mlima wa Chagai, kuijibu India iliyolipua yake wiki mbili kabla. Wale mliokuwa watu wazima mnakumbuka furaha iliyokuwapo huku kwetu. Palisemwa kwamba Waislamu sasa nao wamepata, kana kwamba bomu lile litawekwa msikitini tulizunguke. Nami, nikiwa kijana wa kalamu mbichi, nilitunga shairi la beti tisa la kulisifu. Nililighani barazani baada ya Isha, likapigiwa makofi, nikapewa kahawa ya bure. Maalim wangu wa chuo, aliyenifundisha tangu juzuu ya Amma, alikuwa amekaa pembeni. Hakupiga makofi. Alipoinuka kwenda zake aliniuliza kama moto ule una habari ya nani amesali na nani hakusali. Nilidhani ni uzee.

Wiki kumi baadaye, tarehe 7 Agosti, lori lilipua jumba la ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, na siku hiyohiyo jingine Dar es Salaam. Nairobi peke yake walikufa zaidi ya watu mia mbili, wengi wao Wakenya waliokuwa wakipita njia au wakifanya kazi za karani. Haikuwa nyuklia ile; ilikuwa baruti ya kawaida. Walioifanya walikuwa kundi tu, wasiokuwa na dola wala bendera. Siku chache baadaye nilimwona maalim wangu njiani, nikaamkia shikamoo, nikainamisha kichwa. Hakunikumbusha.

Miaka mingi nyuma ya hapo nilisoma habari za Nagasaki, nikakuta kwamba bomu lile lilianguka katika mtaa wa Urakami, penye kanisa kubwa ambalo Wakristo wa Japani walilijenga kwa miaka mingi, baada ya babu zao kuteswa kwa karne nzima kwa ajili ya dini yao. Nchi iliyolitupa bomu ilikuwa na Wakristo wengi kuliko nchi yoyote. Kanisa lilibomoka na waliokuwamo wakateketea. Nikalikumbuka swali la maalim.

Turejee New York. Mwaka 1958 Marekani haikutaka, kwa sababu ilikuwa ikifikiria kuwawekea rafiki zake wa Ulaya silaha hizo. Aiken aliomba ipigwe kura ya kipengele kimoja tu ili ionekane. Waliokubali walikuwa 37, aliyekataa hakuna, na 44 hawakupiga upande wowote. Akaliondoa pendekezo, akaenda zake. Mwaka 1959 akalirudisha likapita kwa kura 68. Mwaka 1960 akalirudisha tena, likapata 68 nyingine, safari hii Marekani na wenziwe wakijizuia.

Ilikuwa mwaka huo wa 1960 ambapo jambo hili liliifikia Afrika. Tarehe 13 Februari Mfaransa alilipua bomu lake la kwanza katika jangwa la Sahara, Reggane, nchi ya Algeria, ambako Waislamu walikuwa katikati ya vita vya kuikomboa nchi yao. Vumbi lake lilivuka mipaka, na Ghana, Morocco na wengine wakapiga kelele. Msomaji aliyeshika tarehe atakuwa ameona kwamba hiyo ndiyo siku Aiken aliyotimiza miaka 62. Wenye bomu sasa wakawa wanne. Mwaka huohuo Ayalandi ilipeleka askari wake Kongo chini ya Umoja wa Mataifa, na mwezi wa Novemba tisa kati yao waliuawa Niemba, kaskazini ya Katanga, penye watu wasemao Kiswahili kama sisi. Nchi ndogo, jeshi dogo. Msiba ule uliwatoa watu wa Dublin barabarani kwa maelfu.

Tarehe 4 Desemba 1961, katika mwaka wa nne wa kulirudisha, Baraza Kuu lilikubali azimio la Waayalandi bila ya hata mmoja kupinga. Linajulikana kwa nambari 1665. Mrusi na Mmarekani wote wawili waliinamia jambo moja, wakati ambapo ukuta wa Berlin ulikuwa na miezi michache tu tangu kujengwa. Ulifuata mjadala mrefu wa Geneva. Rais Kennedy alionya mwaka 1963 kwamba katika miaka ya sabini huenda nchi 15, au 20, au hata 25 zikawa na bomu. Mwaka 1964 Mchina akalipua lake. Mwezi wa Juni 1968 mkataba ukapitishwa katika Baraza Kuu kwa kura 95.

Kura za kupinga zilikuwa nne, na moja ilikuwa ya jirani zetu Watanzania. Nyingine zilikuwa za Albania, Cuba na Zambia. Naheshimu sana kura ile ijapokuwa mimi ningepiga nyingine. Mkataba unasema kwamba waliolipua kabla ya mwanzo wa mwaka 1967, yaani watano, ni wenye silaha, na wengine wote wasiwe nazo. Wale watano wanaahidi kufanya mazungumzo kwa moyo mwema ya kuzipunguza na kuziondoa. Hawakupangiwa siku, mwezi wala mwaka. Mtu maskini aliyeamka jana kutoka katika ukoloni akiambiwa hivyo, ana haki ya kuuliza mbona sheria hii inafanana na ile ya mkoloni, ya mzungu kubeba bunduki na mwenyeji kubeba mzigo. Tanzania ilikuja kujiunga mwaka 1991.

Tarehe 1 Julai 1968 mkataba ulifunguliwa kutiwa sahihi Washington, London na Moscow. Kwa heshima ya kazi yake, Aiken aliitwa Moscow, akawa ndiye wa kwanza kuandika jina lake. Alikuwa na miaka 70. Mkono uliotia sahihi ndio ulioshika bunduki katika vilima vya Armagh. Kenya pia ilitia sahihi siku ileile. Mkataba ulianza kazi tarehe 5 Machi 1970.

Je, umefaa? Zile nchi 25 za Kennedy hazikutokea. Leo zenye silaha hizo ni tisa: wale watano, kisha India, Pakistan na Israel ambazo hazikutia sahihi abadan, na Korea Kaskazini iliyotangaza kujitoa mwaka 2003. Wakaguzi wa Shirika la Nguvu za Atomiki kutoka Vienna huhesabu na kupima mitambo ya nchi nyingi, na kwa miaka kumi na miwili, tangu 1997, mkuu wao alikuwa Mmisri, Mohamed ElBaradei. Afrika Kusini ya makaburu ilikuwa imetengeneza mabomu sita kwa siri, ikayavunja, ikaingia katika mkataba mwaka 1991. Yalivunjwa, hayakufichwa. Lakini wale watano wa kwanza bado wanayo maelfu, na Marekani na Urusi peke yao wana sehemu kubwa kupita kiasi. Na Mwarabu akiutazama mkataba huu anaona kwamba jirani yake asiyetia sahihi haulizwi kitu, na yeye aliyetia sahihi ndiye anayekaguliwa. Aiken aliufunga mlango, na waliokwisha kuingia wakabaki ndani na vyao.

Nimerudi katika amri ya mwaka 1923. Zile bunduki alizoziamuru zifichwe hazikuoza zote. Vita vya kaskazini ya Ayalandi vilipozuka upya mwaka 1969, bunduki za Thompson za enzi ya ujana wake zilitolewa na kutumika katika mitaa ya Belfast, nusu karne baada ya kufungiwa. Aiken alikuwa bado hai, aliona. Mwaka huohuo alikuwa ameacha uwaziri. Mwezi wa Mei 1970 mawaziri wa chama chake mwenyewe walifukuzwa kwa kushukiwa kupanga kuingiza silaha nchini kwa ajili ya wapiganaji wa kaskazini. Mmoja, Charles Haughey, alishtakiwa, na mahakama ikamwona hana hatia. Uchaguzi wa mwaka 1973 ulipofika, chama kikamkubali tena Haughey kuwa mgombea. Aiken akawaambia viongozi wake kwamba hatasimama katika chama kimoja na mtu yule. Walimbembeleza asitoe siri hiyo hadharani, na wananchi wakaambiwa kwamba waganga wamemshauri apumzike. Akakubali kunyamaza. Akaondoka bungeni baada ya miaka hamsini, bila ya kuaga kwa sababu ya kweli.

Alifariki Dublin tarehe 18 Mei 1983, umri wake miaka 85. Maziko yake yalikuwa ya heshima zote za dola, lakini kaburi lake haliko katika dola ile. Jeneza lilivushwa mpaka, likapelekwa Camlough alikozaliwa, upande unaotawaliwa na Mwingereza. Wilaya yote ilikuwa imejaa minara ya askari na helikopta, na miaka miwili nyuma kijana mmoja wa kijiji kilekile alikuwa amekufa gerezani kwa kususa chakula. Alizikwa humo.

Haya yote nilimsimulia yule kijana barazani, kwa urefu kuliko alivyotaka. Alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza kama bunduki zote za mwaka 1923 zilikwisha kupatikana. Nikamwambia kwamba huko Ayalandi hakuna ajuaye. Hakuniuliza habari za shairi langu, kwa kuwa sikumtajia. Ninalo bado. Limo katika kasha la marehemu mama, chini ya hati ya nyumba, karatasi mbili zilizokunjwa mara nne. Sijalichana, wala sijamwonyesha mtu.